Namba 21

Namba ya kwanza ya hitilafu niliyoihifadhi kichwani ni 21. Toyota za miaka ya tisini zilikuwa na kikasha kidogo cha plastiki chini ya boneti, mfuniko wake umeandikwa DIAGNOSIS, na ndani yake matundu yenye herufi. Mzee aliyenifundisha kazi pale Gerezani, Dar es Salaam, alichukua kipande cha waya akaunganisha tundu la TE1 na la E1, akafungua swichi bila kuwasha injini, kisha akaniamuru nitazame taa ya injini kwenye deshibodi na nisifungue mdomo. Taa ikipepesa mfululizo kwa mwendo uleule, kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haina lalamiko. Ikipepesa mara mbili, ikatulia, ikapepesa mara moja, hiyo ni 21: mzunguko wa sensa kuu ya oksijeni. 25 ni hewa imezidi petroli, 26 ni petroli imezidi hewa, 27 ni sensa ya pili. Orodha nzima Mzee aliinakili kwa kalamu ya risasi kwenye jalada la ndani la daftari la shule la mwanawe, na daftari hilo lilikaa kwenye droo moja na fyuzi.

Kazi ya umeme wa magari sijaiacha tangu wakati huo, na kadiri ninavyoifanya ndivyo ninavyoamini kwamba fundi asiyejua namba hii ilitoka wapi hawezi kuitibu. Ataifuta, ataificha, atauza sensa mpya juu ya sensa mpya, na gari litarudi. Nimeona desturi hiyo ikizaliwa kwa sababu ya kweli, nikaiona sababu ikiondoka, na desturi ikabaki. Ndiyo ninayotaka kuieleza.

Namba ilitoka mbali, na ilianza na macho yanayowasha. Tarehe 26 Julai 1943, katikati ya vita, wakazi wa Los Angeles walifunikwa na ukungu mchafu uliowachoma macho na koo, na wapo waliodhani Wajapani wamewapiga kwa gesi. Vita vikaisha, ukungu ukabaki. Aliyekitegua kitendawili hicho ni mkemia mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, wa chuo cha Caltech, Pasadena, ambaye kabla ya hapo alikuwa akichunguza nini hasa kinacholipa nanasi ladha yake. Mwanzoni mwa miaka ya hamsini alionyesha kwamba mvuke wa petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni kutoka kwenye ekzosi, vikipigwa na jua, vinazaa ozoni. Kipimo chake kimoja kinanifurahisha kila nikikikumbuka. Alikunja vipande vya mpira akaviacha kwenye hewa ya mji, akaangalia vinachukua muda gani kupasuka, kwa maana ozoni hupasua mpira. Hakusubiri mashine ya gharama. Alitafuta kitu kinachoonewa na ule uchafu, akakipa nafasi ya kusema.

Kampuni za magari zilibisha kwa miaka mingi. California ikaunda bodi yake ya hewa mwaka 1967, Haagen-Smit akawa mwenyekiti wake wa kwanza, na mwaka 1970 Marekani ikapitisha Sheria ya Hewa Safi iliyotaka sumu za moshi wa magari mapya zipungue kwa asilimia 90 ndani ya miaka michache. Ndipo magari ya modeli ya 1975 yakaanza kutoka kiwandani na kile kikasha cha ekzosi ambacho sisi mafundi wa Tanzania tunakiita masega: vitundu vingi vyembamba vilivyopakwa platinamu na ndugu zake, ambamo moshi unapita ukiwa wa moto na kugeuzwa.

Masega yana masharti. Ili yaweze kuua sumu zote tatu kwa pamoja, yaani monoksidi ya kaboni, petroli isiyoungua na oksidi za nitrojeni, injini lazima ichome kilo moja ya petroli kwa takriban kilo 14.7 za hewa, isizidi sana wala isipungue sana. Kabureta haiwezi kushika kipimo hicho mlima na mteremko, asubuhi ya baridi na mchana wa jua. Kilihitajika kitu cha kukaa ndani ya ekzosi, kuhisi oksijeni iliyobaki, na kutoa taarifa kila sekunde.

Udongo wa kukitengenezea ulikuwa umeshajulikana. Mnamo 1897 Mjerumani Walther Nernst alibuni taa ambayo uzi wake haukuwa wa chuma wala wa kaboni. Ulikuwa kijiti cha kauri ya zirkonia iliyochanganywa na ytria. Kauri hiyo ikiwa baridi haipitishi umeme. Ikipata moto wa kutosha, chembe za oksijeni zenye chaji zinatembea ndani yake na umeme unapita. Taa yenyewe ilishindwa na balbu za kawaida ikasahaulika. Wahandisi wa Bosch wakaichukua kauri ileile, wakaifinyanga kwa umbo la kastabini, wakaipaka platinamu ndani na nje. Nje inaoshwa na moshi, ndani inapata hewa safi. Oksijeni ikiwa nyingi upande mmoja na kidogo upande wa pili, kauri inazaa volti. Kwa hiyo sensa ya oksijeni ni betri ndogo: haipewi umeme wa ishara na mtu, inautoa yenyewe. Mwaka 1976 Volvo ikaiweka kwenye magari yake yaliyokwenda California, pamoja na masega ya aina mpya, na dunia ikaona kwamba jambo hilo linawezekana.

Hapa naomba msomaji asiye fundi anivumilie kidogo, kwa sababu bila tarakimu hizi mengine hayataeleweka. Petroli ikizidi, sensa inatoa takriban volti 0.9. Hewa ikizidi, inashuka hadi karibu 0.1. Kontroli boksi inaangalia mstari wa katikati, 0.45: ikiona juu inapunguza petroli, ikiona chini inaongeza, na volti inapanda na kushuka bila kukoma muda wote injini inapofanya kazi. Sensa inayokaa mahali pamoja, juu au chini, ina neno. Lakini kauri haianzi kazi mpaka ifike nyuzi 300 na zaidi. Sensa za kwanza zilikuwa na waya mmoja tu, zikingoja joto la moshi, na ethi yake ilipita kwenye nyuzi za skrubu na bomba la ekzosi. Bomba likishika kutu, ishara inapotea ilhali sensa ni nzima. Mwaka 1982 zikaja zenye hita ndani. Tangu hapo waya zikaongezeka, na leo sensa ya kawaida ina nne: mbili za hita, moja ya ishara, moja ya ethi yake. Za Denso, ambazo ndizo za Toyota nyingi, hita ni nyeusi mbili, ishara ni bluu, ethi ni nyeupe. Za Bosch hita ni nyeupe mbili, ishara ni nyeusi, ethi ni ya kijivu. Nimewaona vijana wakiunganisha sensa ya Bosch kwenye soketi ya Toyota kwa kufuata rangi, nyeusi kwa nyeusi. Umeme wa betri unaingia kwenye kauri, na hiyo ndiyo inakuwa siku ya mwisho ya sensa mpya.

Taa ya injini nayo ilizaliwa na sheria. California iligundua kwamba masega na sensa hufa kimya, gari linaendelea kutembea, na mwenye gari hana habari. Kuanzia modeli za 1988 ikadai gari lijipime lenyewe na liwashe taa. Mwaka 1996 Marekani nzima ikalazimisha mfumo mmoja kwa magari yote: soketi ya pini 16 iliyo karibu na usukani, na namba zinazofanana kwa kila kampuni, P0135, P0171, P0420 na nyinginezo. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Taa ile, kwa asili yake, iliwekwa kwa ajili ya mapafu ya watu wanaoishi kando ya barabara. Dereva wa kwetu anayelalamika kwamba taa imewaka na gari linakwenda vizuri tu anasema kweli, na ndiyo sababu taa iliwekwa.

Japani haikubaki nyuma. Kanuni zake za 1978 ziliweka kikomo cha gramu 0.25 za oksidi za nitrojeni kwa kilomita, kikali kuliko cha nchi nyingi za wakati ule. Kwa hiyo gari dogo lililouzwa kwa mwalimu wa shule wa Nagoya lilikuwa na sensa na masega miaka mingi kabla ya mtu yeyote wa kwetu kuyadai. Na Japani wana ukaguzi wao: gari jipya baada ya miaka 3, kisha kila miaka 2, kwa gharama inayomfanya mwenye gari aone heri aliuze. Usukani wao uko kulia kama wetu. Meli zikajaa.

Kabla ya meli hizo, barabara za Dar zilikuwa za Peugeot 404 na 504, Land Rover, Datsun 120Y. Umeme wao Mzee aliujua kwa masikio. Pointi za distributa, kondensa, koili, altaneta, betri. Nafasi ya pointi aliipima kwa kipande cha gamba la pakiti ya sigara. Mwaka 1984 serikali ya Tanzania iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, mwaka uliofuata Ali Hassan Mwinyi akawa Rais na milango ikazidi kufunguka, na kufikia miaka ya tisini Corolla, Mark II na Hilux zilizotumika zilikuwa zinashuka bandarini kwa wingi ambao Mzee hakuwahi kuuona. Nairobi ilikuwa vilevile. Mafundi wa Grogan, ile barabara ambayo sasa ni Kirinyaga, walikutana na magari yaleyale na mafumbo yaleyale. Mifuniko ya fyuzi imeandikwa Kijapani. Kitabu cha gari, kikiwapo, ni cha Kijapani. Hakuna aliyetumwa na kampuni kuja kutufundisha, kwa sababu magari yale hayakutengenezwa kwa ajili yetu. Tulijifunza kwa kuhesabu taa.

Sasa kuna jambo ambalo vijana wa leo hawalijui, nalo ndilo lililotuharibia kazi. Petroli yetu ilikuwa na risasi. Mmarekani Thomas Midgley aligundua mwaka 1921 kwamba madini ya risasi yakitiwa kwenye petroli yanazuia injini kugonga, na kwa miongo mingi dunia nzima ikachoma risasi. Marekani na Japani zilianza kuiacha miaka ya sabini, na sababu mojawapo ilikuwa masega yenyewe: risasi inaifunika platinamu na kuifanya isiguse moshi tena. Inaifunika ya masega na inaifunika ya sensa. Gari lililoishi Japani kwa petroli safi lilishuka Dar, likajazwa petroli ya kwetu, na baada ya muda kichwa cha sensa kilikuwa na ngozi ya unga. Kontroli boksi ikapiga 21.

Mzee alikuwa mtu makini. Alifunga sensa nyingine, ya mtumba, ikafanya kazi, kisha ikafa. Akafunga nyingine kwa mteja mwingine, ikafa. Akahitimisha kwamba kifaa hicho hakiishi katika nchi hii, na kwa petroli ile hitimisho lake lilikuwa sahihi kabisa. Kontroli boksi isipopata habari ya sensa, inaendesha injini kwa makadirio yake yenyewe. Gari linakula mafuta zaidi kidogo lakini linatembea. Basi mafundi wakaanza kukata waya za sensa. Wengine walichomoa balbu ya taa ya injini kwenye deshibodi. Wengine, wajanja zaidi, waliunga waya wa taa hiyo na wa taa ya oili, ili mbili ziwake na kuzimika pamoja na mnunuzi asishuku. Masega yaliyoziba yalitobolewa kwa nondo, kikasha kikachomelewa tena kikiwa kitupu. Hayo yote nimeyaona, na sikuwahi kumlaumu mtu wa wakati ule.

Halafu risasi ikaondoka. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana Dakar mwaka 2001 kuiacha, na kufikia 1 Januari 2006 zikawa zimeiacha. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, Julai 2021, na tangazo la kufungwa kwa ukurasa huo lilitolewa na shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira ambalo makao yake yako Nairobi. Naiona kuwa moja ya habari njema kubwa za maisha yangu, na ilipita kimya. Pale Gerezani hakuna aliyekuja kutuambia: mafundi, kuanzia leo sensa zitaishi. Kwa hiyo koleo liliendelea kukata. Mwanafunzi alimwona mwalimu akikata, akakata. Wa kwake akamwona, akakata, na hakuna kati yao aliyejua kwamba jibu lile lilikuwa la petroli ambayo haipo tena.

Nitatoa mfano mmoja wa miaka ya karibuni, kwa sababu ndani yake historia yote hii ilikuwa imejificha kwenye sentimita chache za waya.

Dada mmoja, muuguzi, alileta Toyota IST. Taa ya injini inawaka, gari linakula mafuta, asubuhi linatetemeka. Alikuwa na risiti za sensa mbili mpya, alizouziwa kwa kufuatana. Kila mara aliambiwa mashine imesema sensa, sensa imebadilishwa, taa imefutwa, na baada ya muda taa imerudi. Fundi wa mwisho alimwambia sasa ni kontroli boksi.

"Fundi, kama ni kuuza niuze tu," aliniambia.

"Subiri kwanza, dada. Hujaambiwa ugonjwa bado."

Mashine ya kusomea ilitoa P0135. Namba hiyo inataja mzunguko wa hita ya sensa ya mbele. Mzunguko ni njia nzima: betri, relei, fyuzi, waya, soketi, hita iliyo ndani ya sensa, waya wa kurudi, na swichi iliyo ndani ya kontroli boksi inayoipa hita ethi yake. Namba haijui ni wapi katika njia hiyo pameharibika. Kontroli boksi imeona tu kwamba umeme unaopita kwenye hita ni mdogo kuliko inavyotakiwa. Anayesikia P0135 akatamka "sensa" ameruka hatua zote hizo.

Nilichomoa soketi ya sensa injini ikiwa baridi. Kwenye soketi ya Toyota pini mbili ni za hita, HT na +B, na mbili ni OX ya ishara na E1. Upande wa sensa nikapima HT na +B: ohm 13 na kitu. Vitabu vya Toyota kwa sensa za aina hii vinataka kati ya ohm 11 na 16 kwenye nyuzi 20, na Dar nyuzi 20 hatuna, kwa hiyo kipimo kinapanda kidogo. Hita ni nzima. Sensa ni nzima. Na bila shaka zile za kabla yake zilikuwa nzima pia.

Upande wa gari, swichi ikiwa imefunguliwa, nikapima +B kwa mita: volti 12.3. Hapa ndipo wengi wanaposimama. Umeme umefika, hita ni nzima, basi kilichobaki ni kontroli boksi, na mteja anatumwa kununua ya mtumba. Lakini mita ya kisasa inavuta umeme mdogo mno. Waya ukibaki na unyuzi mmoja, au kiungo kikiwa kimeshika kutu, mita bado itasoma 12.3, kwa sababu haiutwishi waya mzigo wowote.

Nikachukua testa ya balbu. Ni balbu ya indiketa ya wati 21, soketi yake, na waya mbili zenye koleo za mamba. Mzee alinitengenezea ya kwanza, na ninazotumia leo nazitengeneza kwa mfano uleule. Balbu hiyo inavuta zaidi ya ampea moja na nusu, nyingi kuliko hita yenyewe. Waya unaoweza kuiwasha vizuri unaweza kulisha hita. Nikaiunga kati ya ile +B na hasi ya betri. Haikuwaka. Uzi wake haukupata hata wekundu, na mita niliyokuwa nimeiacha palepale ilianguka kutoka 12.3 hadi karibu na sifuri. Nikaihamisha hadi kwenye fyuzi: ikawaka kweupe. Ugonjwa basi ulikuwa kati ya fyuzi na soketi, na kila mtu aliyekuwa karibu, hata yule dada, aliuona kwa macho yake bila kuelezwa.

(Onyo kwa kijana atakayeiga: testa hiyo ni ya waya wa kulisha tu. Usiiguse kwenye OX wala kwenye waya wowote wa ishara unaoingia kontroli boksi, maana utaunguza kile unachotafuta kukiokoa. Huko ni mita peke yake.)

Nikafuata waya kwa vidole. Nyuma ya injini, mahali ambapo mkono unaingia kwa shida, palikuwa na fungu la utepe mweusi ulioyeyuka kwa joto la ekzosi. Nikaubandua. Waya zote nne za sensa zilikuwa zimewahi kukatwa. Mikato ilikuwa safi, ya koleo, mahali pamoja, na baadaye mtu akazirudisha kwa kuzisokota na kuzifunga utepe. Shaba ya waya wa +B ilikuwa imegeuka unga wa kijani. Waya wa ishara ulikuwa na kutu pia, lakini ulivumilia kwa sababu haubebi mzigo. Ule wa hita, unaobeba karibu ampea moja kila gari linapowashwa, ndio ulioshindwa.

IST ilianza kutengenezwa mwaka 2002, na hiyo ilishuka Dar muda mrefu baada ya risasi kuondoka kwenye petroli. Hapakuwa na sababu yoyote ya kukata waya zile. Mtu alikata kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, na mwingine akaunga haraka ili gari liuzike. Nilikata sehemu zilizooza, nikaweka waya mpya wa unene uleule, nikalehemu kila kiungo na kukiweka mbali na ekzosi. Nikawasha injini, nikaweka mita kwenye ishara. Ilikaa chini kidogo, kisha ikaanza: 0.2, 0.8, 0.1, 0.9. Sensa ileile aliyoambiwa ni mbovu. Gharama ilikuwa waya, risasi ya kulehemu na ufundi.

Si kila mara ni waya. Sensa hufa kweli: kwa uzee, kwa oili inayopita kwenye ringi zilizochoka, kwa maji ya rejeta yanayovuja ndani ya injini, na kwa ile gundi ya silikoni ya kwenye tyubu ambayo tunaipaka kila mahali badala ya gasketi, kwa kuwa mvuke wake unaipaka kauri utando wa kioo. Panya nao wanakula waya. Lakini kila moja ya sababu hizo ina kipimo chake, na hakuna hata kimoja kinachohitaji zaidi ya mita, balbu na subira.

Uchungu wangu mkubwa zaidi ni masega, kwa sababu hapo ukataji umepata bei. Platinamu, paladiamu na hasa rodiamu iliyomo ndani yake ilipanda bei sana, na mwaka 2021 rodiamu ilifikia bei ambayo haikuwa imewahi kufikiwa. Mabango ya "tunanunua masega" yakaenea mijini kwetu. Mwenye gari anapewa fedha taslimu, kikasha kinakatwa, bomba tupu linachomelewa. Sehemu kubwa ya platinamu na rodiamu ya dunia inachimbwa Afrika Kusini. Ilitoka bara hili ikaenda Japani, ikarudi chini ya Corolla ikiwa inafanya kazi ya kusafisha hewa tunayovuta, na sisi tunaiuza kwa magunia itoke tena. Baada ya hapo sensa ya pili, ile ya nyuma ya kikasha, inaona moshi ambao haujaguswa, P0420 inawaka, na mtu anamwendea fundi amtafutie namna ya kuidanganya: sensa inafungwa juu ya kichwa cha plagi kilichotobolewa ili ikae mbali na moshi. Nimeombwa kazi hiyo mara nyingi, na huwa nakataa. Anayesimama kituoni Kariakoo au Mbagala na mtoto mgongoni hakuuziwa chochote katika biashara ile, na moshi ni wake.

Watu wa Los Angeles walihitaji zaidi ya miaka 30, kutoka ule ukungu wa 1943 hadi Volvo ya 1976, kupata kile tunachokikata kwa koleo kwa dakika moja. Sisi tulikipokea bila sheria, bila kitabu na bila petroli ya kukifaa, kwa hiyo tuna udhuru wa miaka ile. Wa leo hatuna.

Kwa walimu wa vyuo vya ufundi vya VETA na kwa kila fundi mwenye mwanafunzi: mfundisheni kijana testa ya balbu kabla ya kumpa mashine ya kusomea, na mwambieni petroli ya risasi ilikwisha mwaka gani. Na wewe mwenye gari, ukiambiwa sensa imekufa, usiende dukani kwanza. Mwombe fundi wako akuonyeshe ohm za hita ya sensa iliyopo, na akuonyeshe balbu ikiwaka kwenye soketi yake. Ni kazi isiyomaliza nusu saa, na ni haki yako kuiona kabla hujatoa pesa.